Kuuza domeini sio kuwa msajili, na kura kule ICANN hatuna

Wacha niseme hii kitu mapema ndio tusisumbuane: karibu kila mtu anayekuuzia domeini, yaani lile jina la websaiti, hapa Nairobi sio msajili, ni wakala. Na sisemi kwa ubaya. Mimi mwenyewe upande wa .com ni wakala, nina akaunti kwa kampuni ya ng'ambo, naweka pesa kule, mteja akilipa kwa M-Pesa mimi nabonyeza huku jina linasajiliwa kule. Ni biashara halali na inalipa kodi ya nyumba. Shida yangu ni wale wanaobandika nembo ya ICANN, lile shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, chini ya websaiti yao, kando ya ile ya Visa, wanaandika ati wana ithibati yake ya kuwa msajili, na ithibati hawana hata ya dawa.

Mlolongo uko hivi. Juu kabisa kuna yule anayeshika daftari lenyewe: daftari la .com liko kwa Verisign, la .ke liko kwa KeNIC. Chini yake kuna msajili, huyu ndiye ameruhusiwa kuingia kwa lile daftari na kuandika. Halafu wakala, anayempitia msajili. Halafu wewe mwenye kulipa. Wakala wa domeini ni kama wakala wa M-Pesa pale steji, anakuhudumia poa, anakujua kwa jina, lakini pesa yako haikai kwake, akifunga kibanda leo asirudi tena wewe unaenda kwa mwingine kwa sababu laini ni yako. Sasa kwa domeini ndio kuna balaa, mara nyingi laini imeandikishwa kwa jina la wakala na wewe hujui.

Kuna mama mmoja ana duka la wigi na vipodozi Dubois Road, binti yake ndiye alinipigia. Websaiti imezima, na oda zake nyingi zilikuwa zinatoka huko, wateja wa Kisumu na Mombasa wanaangalia picha wanalipa anawatumia na basi. Nikaenda hadi dukani.

"Mama, hii domeini ulisajiliwa na nani?"

"Si yule kijana alinitengenezea, mwanangu. Nilimlipa yote, risiti ninayo, ngoja nitoe."

Akatoa risiti kweli, imekunjwa vizuri ndani ya kile kitabu cha madeni. Lakini kijana alikuwa amepata kazi Qatar, namba haipatikani. Nikalitafuta jina lenyewe kwa simu nikiwa nimesimama hapo kaunta, na majibu yakaja: msajili ni kampuni ya Marekani ambayo mama hajawahi kuisikia, mwenye jina amefichwa nyuma ya huduma ya faragha, tarehe ya mwisho ilishapita, na hadhi ya domeini ni kipindi cha kukomboa. Hiyo hadhi ndio ilinishtua. Kwa .com jina likishafutwa na msajili linakaa siku 30 kwa hicho kipindi, bado unaweza kulirudisha ila kwa ada kali, na zikiisha hizo siku 30 zinabaki siku 5 hivi za kusubiri halafu linaachiliwa, yeyote analichukua. Tukaandikia yule msajili, wakatujibu kwa heshima kabisa ati tuongee na aliyetuuzia, kwa sababu kwa rekodi zao mama hayuko popote, mteja wao ni kijana. Na kwa rekodi zao walikuwa sawa! Bahati nzuri binti alimpata kijana kupitia rafiki wa rafiki kwa WhatsApp, akatuma paswadi bila matata, tukalipia ile ada ambayo ilikuwa mara kadhaa ya bei ya domeini. Mama akalipa huku ananiuliza kama na hii pia atapewa risiti.

Sasa watu wengi hawajui kwamba sheria ya hii maneno iko. Mkataba ambao kila msajili wa .com, .org na ndugu zao anasaini na ICANN, ule wa 2013 ambao ndio unatumika hadi leo na marekebisho yake, una kipengele kizima cha mawakala. Kinasema wakala haruhusiwi kuonyesha nembo ya ICANN au kujiita mwenye ithibati bila ruhusa ya maandishi kutoka ICANN yenyewe. Na kinasema mteja akimuuliza wakala domeini yangu iko kwa msajili gani, lazima amwambie. Lazima. Kwa hivyo kama uko na domeini na hujui iko kwa nani, muulize leo aliyekuuzia, na akianza kuzungukazunguka ujue kuna kitu. Pia ukitaka kuhama, msajili anatakiwa akupe ule msimbo wa kuhamia ndani ya siku 5. Lakini hizo haki zote zinamfuata mtu ambaye jina lake liko kwa rekodi, ndio maana mimi mteja yeyote namwandikisha na imeili yake mwenyewe hata akisema ati weka tu yako. Halafu naye asisahau kuifungua hiyo imeili, kwa sababu mkataba huohuo unampa siku 15 tangu kusajili kuthibitisha mawasiliano yake, na asipobonyeza ile linki domeini inaweza kusimamishwa. Nimeona watu wanalia kwa sababu ya linki ambayo iko kwa imeili waliyofungua ili wapate kutumia simu tu.

Ok, sasa tuje kwa swali ambalo vijana wengi wa hostingi, wale wanaohifadhi websaiti za watu, wananiuliza: kwa nini tusiwe wasajili wenyewe? Inagharimu nini?

Ada ya kuomba ithibati ni dola 3,500 na hairudishwi, ukikataliwa imeenda. Ukikubaliwa, kila mwaka dola 4,000. Juu yake kuna ada nyingine ya kila robo mwaka ambayo wasajili wote wanagawana, ila mdogo mwenye domeini chini ya 350,000 anaweza kusamehewa theluthi mbili, na hapo kusema ukweli sisi wote wa Nairobi tunaingia bila kujikaza. Halafu kila domeini unayosajili, kurefusha au kuhamisha, kuna senti za ICANN, zilikuwa 18 kwa miaka mingi, 2025 zikapanda zikawa 20. Na hapo bado hujamlipa Verisign ambaye Septemba 2024 alipandisha bei yake ya jumla ya .com ikafika dola 10.26 kwa mwaka. Ukipiga kwa shilingi 130, maombi ni 455,000, ya kila mwaka ni 520,000. Sio mchezo lakini kuna watu hapa mjini wanatumia zaidi ya hiyo kwa matangazo.

Kinachofunga watu mlango sio hizo. Ni ile ya kuonyesha kwamba kampuni yako ina mtaji wa kufanyia kazi usiopungua dola 70,000. Hiyo ni milioni 9.1. Sio ya kulipa mtu, ni yako, lakini lazima uionyeshe na karatasi, na kampuni ya watu watatu iliyo ghorofa ya nne jengo fulani River Road haina milioni 9 imekaa tu benki ikingoja kuonyeshwa.

Na zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mkataba ulikuwa na bima ya dola 500,000, bima ya aina ambayo ukiingia kwa ofisi ya bima hapa kwetu ukaieleza, wanakuita meneja, meneja anaita mwingine, mwisho wanakuuliza kwani hiyo domeini ni jengo ama ni gari. Watu wa Afrika walilalamikia hiyo kitu miaka, kila mkutano wanaisema, hadi baadaye ICANN ikalegeza kamba. Ikumbukwe mkutano wao wa 37 walikuja kuufanyia KICC hapahapa Machi 2010, na 2016 walifungua ofisi Nairobi. Kwa hivyo hatuwezi kusema hawatujui. Wanatujua, wanakula nyama choma na sisi.

Lakini sitaki kudanganya mtu kwamba masharti ni ya kutunyanyasa tu. Mengi yana historia. Kuna kampuni ya Marekani iliitwa RegisterFly, ilianza kama wakala, ikapata ithibati kwa kununua kampuni nyingine iliyokuwa nayo tayari. Kuingia kwa mlango wa nyuma, yaani. 2006 hadi 2007 ikaanza kuporomoka, wakubwa wanapelekana kortini, wateja wanalipa kurefusha majina na majina hayarefushwi, sapoti haijibu. ICANN ikaivua ithibati Machi 2007 na mamia ya maelfu ya domeini yakalazimika kuhamishiwa GoDaddy, msajili mwingine mkubwa wa Marekani. Tatizo kubwa lilikuwa nini? Hakukuwa na nakala ya data ya wateja mahali pengine. Sharti la kuweka nakala lilikuwa kwa mkataba tangu zamani ila hakuna aliyelifuatilia. Baada ya hapo ndio likaanza kutekelezwa kikweli, kila msajili sasa anapeleka nakala ya rekodi zake kwa kampuni nyingine isiyo yake, ndio akianguka asianguke na majina ya watu. Ukifikiria yule mama wa Dubois, hata msajili wake angeanguka hii sheria isingemsaidia, kwa sababu jina lake halikuwa kwa hiyo rekodi.

Halafu 2008 kuna EstDomains. Mkubwa wake, Vladimir Tsastsin, alikuwa amehukumiwa Estonia kwa mambo ya ulaghai wa kadi na kusafisha pesa, na mkataba unasema kampuni ikiongozwa na mtu aliyepatikana na hatia ya aina hiyo ithibati inaweza kuvunjwa. Ikavunjwa, domeini kama 280,000 zikahamishwa. Kwa hivyo unapojaza fomu na wanataka kujua wakurugenzi wako ni nani na walifanya nini zamani, usikasirike. Pia tangu tarehe 5 Aprili 2024 msajili anapaswa kuchukua hatua akiletewa ushahidi wa domeini inayotumika kuibia watu paswadi au kusambaza virusi, haitoshi tena kusema ati nimepokea malalamishi yako asante. Na kwa jinsi tunavyotumiwa hizo linki za ati benki yako inasasisha akaunti, hapo ICANN niko na wao.

Sasa hapa ndio nilitaka kufika. Ithibati watu wanaiangalia kama leseni ya kuuza. Mimi naona uuzaji ndio sehemu ndogo, kwa sababu faida ya .com ni shilingi kidogo, wakala na msajili mdogo wanapata karibu sawa. Kitu kikubwa ni kwamba ithibati ndiyo tiketi ya kuingia pale sheria zinaandikwa. Kuna chama cha wasajili ndani ya ICANN, na sharti la kuwa mwanachama mwenye kura ni uwe umesaini ule mkataba. Wakala hana kura huko, hata awe na wateja elfu kumi. Hicho chama kinapeleka wawakilishi 3 kwa baraza la GNSO linalotunga sera za .com na wenzake, na wakiungana na wale washika madaftari wanachagua mtu mmoja wa bodi ya ICANN. Sera ikipita kule inamfunga kila msajili, na msajili anaishusha kwa wakala, na wakala ndio mimi, naipata kama imeili ya Jumatatu asubuhi ikisema kuanzia mwezi ujao mambo ni hivi.

Utasema basi si wenye pesa wanunue ithibati nyingi wapate kura nyingi? Hilo waliliona. Angalia, orodha ya ICANN ina wasajili zaidi ya 2,000 lakini wengi ni familia chache tu za kampuni, mwenyewe ni mmoja ana ithibati nyingi. 2016 DropCatch, kampuni ya kudaka domeini zinazoachiliwa, iliongeza ithibati 500 kwa mpigo, ada ya maombi peke yake hapo ni dola milioni 1.75, na haikuwa ya kura. Ni kwamba domeini nzuri ikiachiliwa, Verisign inampa kila msajili nafasi sawa ya kugonga mlango, sasa ukiwa na ithibati mia tano unagonga mara mia tano wakati mwenzako anagonga mara moja. Kwa upande wa uanachama kampuni za familia moja zinahesabiwa kura moja. Hiyo naipenda. Maana yake msajili mmoja wa Nairobi mwenye domeini elfu tatu angekuwa na kura yake moja kama jitu lenye ithibati mia tano. Lakini kura ya bure haipo, iko nyuma ya ile milioni 9.

Kuna milango mingine, sitaki mtu aniambie nimeficha. Mtu binafsi anaweza kuingia AFRALO, upande wa watumiaji wa kawaida, na hakuna anayekuuliza mtaji. Kampuni inayotoa intaneti inaweza kuingia kundi la watoa huduma. Ni vizuri, na kuna Wakenya wamefanya kazi kubwa huko, ila huko hauongei kama muuzaji wa domeini, unaongea kama mtumiaji au mtoa intaneti.

Upande wa .ke hadithi ni nyingine kabisa na ndio mahali mimi naambia vijana waanzie. .ke ipo tangu 1993, na KeNIC ikakabidhiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni ushirikiano wa serikali na sekta binafsi, sio kampuni ya mtu. Ithibati ya ICANN haihitajiki huku wala haikupi haki yoyote huku, sheria za jina la nchi zinatungwa nchini. Tuna kanuni za 2010 za mambo ya vyeti vya kielektroniki na usimamizi wa majina ya domeini, na Mamlaka ya Mawasiliano ina aina ya leseni ya msajili wa .ke. KeNIC wanataka kampuni iliyosajiliwa, mkataba, na uonyeshe sistimu yako inaweza kuongea na sistimu yao bila kuharibu. Hiyo ya mwisho ndio inaogopesha watu na sio ngumu hivyo, ni itifaki inaitwa EPP, unatuma ombi la kuangalia kama jina liko, la kuliandika, la kulirefusha, la kulihamisha, ukiwa na mtu mmoja anayejua kuandika programu na mwenye subira unaweza. Ukishapita wewe ni msajili kamili. Hapo ukiandika kwa websaiti yako ati ni msajili wa .ke hakuna wa kukusuta.

(Na tukiwa hapo, kusajili jina la kampuni kwa eCitizen hakukupi domeini. Ni madaftari mawili tofauti. Kila mwezi lazima nielezee mtu.)

Najua utaniambia wateja wanataka .com. Wengine ndio, hasa wanaouza nje. Lakini duka la Nairobi linalouzia watu wa Kenya, co.ke inatosha na ukikwama unaweza kupanda matatu ukaenda kuongea na mtu. Jaribu kupanda matatu uende Arizona waliko GoDaddy.

Lakini hiyo kura bado inanisumbua, kwa hivyo kuna kitu tumekuwa tukijadili na wenzangu wa hostingi. Tufanye chama. Kampuni 20, kila moja inaweka dola 3,500, hiyo ni 70,000 kamili, shilingi 455,000 kila mmoja, tunasajili kampuni moja mpya, pesa inakaa benki kama mtaji wa kuonyesha, ada ya maombi na ya kila mwaka tunachanga kando. Hiyo kampuni ndio inaomba ithibati, sisi 20 tunaendelea kuwa mawakala wake, bei tunajipangia, na inapata kura moja kule. Hakuna mahali masharti yanakataza. Wengine wamekubali haraka, wengine wanasema chama cha wafanyabiashara 20 wa hostingi kitavunjika kabla fomu haijajazwa, na siwezi kuwalaumu, najua jinsi tunavyoibiana wateja.

Mjadala sasa umekwama kwa kitu kimoja. Mkataba unataka msajili ataje kila mtu au kampuni yenye hisa kuanzia asilimia 5. Tukiwa 20 sawa kwa sawa, kila mmoja ana 5 kamili, yaani wote tunatajwa, na kuna wawili kwa grupu ambao tangu waambiwe hivyo wamekuwa kimya, wanaona meseji hawajibu. Mmoja amependekeza tuwe 21. Hiyo inamaanisha kila mtu yuko chini ya 5, hakuna anayetajwa kwa hisa, ni wakurugenzi peke yao. Mimi nimekataa. Kama kuna mtu hataki jina lake lionekane kwa fomu ya ICANN, ningependa kujua mapema ni kwa nini, kabla sijaweka 455,000 yangu.